Venice: Mji wa Mifereji na Mikono Mirefu

Watu wa Lamu hupenda kujisifu kwamba mji wao hauna magari. Basi huko Italia uko mji uliowapita, kwani Venice haina hata punda. Umejengwa juu ya visiwa zaidi ya 100 vilivyoungwa kwa madaraja zaidi ya 400, na mwendo wake ni ama wa miguu ama wa chombo. Nilipofika huko pamoja na shangazi yangu, tukitokea kwa mwanawe aliyeko Milan, nilidhani mji usiokuwa na gari wala pikipiki hauwezi kumdhuru mtu. Nilikosea, na kosa hilo lilikula amana ya watu.

Jirani yetu wa Mombasa alikuwa amemkabidhi shangazi euro 300 amnunulie bilauri za Murano kwa arusi ya bintiye. Murano ni kisiwa cha wapuliza vioo, ambao walihamishiwa huko mwaka 1291 kwa kuogopewa moto wa tanuri zao. Shanga za Venice zilikuwa zikiuzwa pwani yetu tangu zamani, kwa hiyo jina hilo si geni kwa mabibi zetu.

Tulipanda chombo kwenye gati la Rialto. Vaporetto, yaani maboti makubwa ya abiria, ndiyo matatu za huko, na msongamano wake hauna tofauti na wa kivuko cha Likoni jioni. Mbele yetu walisimama wasichana watatu, nadhifu, ramani mkononi, kama wageni wenzetu. Mmoja akasita mlangoni ghafla kana kwamba amepotea. Watu wakasukumana nyuma yetu. Kisha wote watatu wakashuka wakicheka. Chombo kilipokwisha kung'oa, shangazi akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, mbona mkoba wangu mwepesi?"

Zipu ilikuwa wazi. Pasipoti na fedha zake mwenyewe alikuwa amezifunga kiunoni ndani ya buibui, salama salimini. Amana ya jirani ndiyo aliyoitia mkobani, apate kuitoa upesi dukani.

Polisi walituandikia ripoti kwa upole, lakini niliona usoni mwao kwamba hadithi yetu waliisikia mara nyingi. Wachopozi wa Venice hupenda magati, daraja la Rialto na stesheni ya gari la moshi, na hawavai kama wezi. Wenyeji wamechoshwa nao hata baadhi yao wamejiundia kikundi cha kuzunguka na kuwapigia kelele. Ukisikia mama wa Kitaliano anapaza sauti "Attenzione!", usimtazame yeye, shika mkoba wako kwanza, uuweke kifuani.

Ujambazi wa kutumia silaha si jambo la kila siku huko, na usiku tulitembea bila hofu. Hatari ya usiku ni miguu yako mwenyewe. Vichochoro vingine huishia majini pasi na ukingo, na ngazi za kando ya mifereji zimeota ukoka wa kijani unaoteleza kuliko mwani wa kwetu. Ukipotea, tazama kuta: vibao vyenye majina ya Rialto na San Marco vitakurudisha. Ukipatwa na dhara, namba ya simu ni 112.

Sisi tunaojua bamvua hatuna haja ya kufundishwa maana ya maji kujaa. Upepo wa kusini ukiisukuma bahari ya Adriatiki wakati wa maji makuu, mji huzama. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifikia sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 ipo milango ya chuma inayoinuliwa baharini kuyazuia, lakini uwanja wa San Marco uko chini mno, na maji madogo bado huweza kuulowesha. Anayekwenda kati ya Oktoba na Januari achukue viatu vya mpira.

Ziko hasara nyingine zisizo za mwizi. Mkoba bandia wa barabarani waweza kumtia mnunuzi mwenyewe faini kuanzia euro 300, na gondola ina bei ya serikali: euro 90 kwa nusu saa mchana tangu mwishoni mwa 2023. Ulizia kabla ya kukanyaga. Chakula nacho kiulizie, maana divai huingia hata katika mchuzi wa samaki.

Kando ya Mfereji Mkuu nilimwonyesha shangazi nyumba ya Fondaco dei Turchi, ambayo sasa ni makumbusho. Kuanzia 1621 hadi 1838 ilikuwa ya wafanyabiashara Waislamu wa dola ya Uthmaniya. Ndani walikuwa na mahali pa kuswalia na hamamu, na usiku milango yake hufungwa. Shangazi aliitazama kwa kitambo, kisha akasema hao wenzetu angalau walifungiwa na mali yao.

Usiku ule hakulala. Mashekhe wametufundisha kwamba aliyewekewa amana halipi ikipotea pasi na uzembe wake. Nikamkumbusha hayo, na mwanawe akapiga simu kutaka kulipa yeye. Akakataa. "Changu nilikifunga kiunoni," alisema, "cha mwenzangu nikakitia mkobani. Huo si uzembe ni nini?"

Asubuhi tulivuka hadi Murano, akafungua mkanda wake wa kiunoni akalipa mwenyewe. Bilauri zilifika Mombasa zimeviringishwa ndani ya leso zake, hazina hata ufa. Jirani hakuambiwa lolote. Kama anasoma gazeti hili, basi leo amejua.