Kitasa Janja: Mlango Kwanza, Simu Baadaye

Kitasa janja hakiongezi unene wa mlango. Mtu anapong'oa kitasa cha ufunguo na kuweka cha namba, kadi au alama ya kidole, anabadilisha namna ya kumtambua anayeruhusiwa kuingia. Kazi ya kumzuia asiyeruhusiwa inabaki kwa mbao, fremu, bawaba na skrubu zilezile. Dukani jambo hili husahaulika upesi, kwa sababu muuzaji huonyesha simu inavyofungua mlango, haonyeshi mlango unavyohimili teke. Kwa mkazi wa Morogoro anayejenga Kihonda, Bigwa au Kola, na kwa mwenye vyumba vya kupangisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hoja ya makala haya ni kwamba kifaa hiki kinunuliwe kwa ajili ya kudhibiti funguo, na kipimwe kwanza kwa jinsi kitakavyofanya kazi siku umeme na mtandao vitakapokosekana.

Faida yake ipo, na si ndogo. Ufunguo wa kawaida ukishatoka mkononi mwako, huna njia ya kujua una nakala ngapi. Mchonga funguo sokoni humaliza nakala kwa dakika chache, na si kazi yake kuuliza mlango ni wa nani. Mwenye nyumba anayepokea wapangaji wapya karibu kila mwaka wa masomo alipaswa kubadilisha kitasa kila chumba kinapohamwa, lakini gharama humfanya aache. Kwa kitasa janja anafuta namba ya aliyehama na kumpa namba yake anayeingia. Hali ni hiyo hiyo kwa dada wa kazi aliyeacha kazi, kwa ndugu aliyekuja kusalimia wiki mbili, au kwa fundi bomba wa siku moja. Muhimu ni kwamba faida hii yote haihitaji intaneti, maana namba zinaweza kuhifadhiwa ndani ya kitasa chenyewe.

Wengi huogopa kwamba TANESCO wakikata umeme watalala nje. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwa kuwa vitasa vingi vya majumbani hutumia betri, mara nyingi nne ndogo za AA za volti 1.5, zinazodumu kwa miezi. Hatari iliyopo ni betri kuisha wakati mwenyewe yuko safarini. Kwa hiyo chagua kitasa chenye tundu la ufunguo wa dharura, au sehemu ya nje ya kuchomeka pawabenki, na ikiwezekana vyote viwili. Ufunguo huo usiachwe ndani ya nyumba ileile unayotaka kuifungua. Vilevile silinda yake iwe imara; ikiwa hafifu, mwizi hatahangaika kukisia namba, atachokonoa tundu.

Mtandao una uzito zaidi kuliko umeme. Kuna vitasa vinavyoamua vyenyewe, na kuna vinavyosubiri ruhusa ya seva iliyo nje ya nchi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na haikurudi kwa siku kadhaa. Kitasa kinachotegemea seva kingekuwa mzigo siku hizo. Hata mtandao ukiwepo, mtengenezaji anaweza kukiharibu kutoka mbali bila kukusudia: Agosti 2017 kampuni ya Marekani ya LockState ilituma sasisho lenye kasoro, na vitasa takribani 500 vikaacha kupokea namba. Kuna atakayesema kwamba yeye anaishi Dar es Salaam, nyumba yake iko Morogoro, hivyo hana budi kutumia intaneti. Si lazima. Baadhi ya vitasa hushiriki na programu ya simu siri moja na saa moja, kwa hiyo programu hukokotoa namba ya muda ambayo kitasa nacho kinaweza kuikokotoa peke yake. Mwenye nyumba humtumia mgeni namba hiyo kwa ujumbe mfupi, na mlango unafunguka hata kama hapo ulipo hakuna intaneti kabisa.

Pingamizi lingine ni la udukuzi. Mwaka 2018 watafiti wa usalama walionyesha kwamba kufuli la Tapplock lingeweza kufunguliwa kwa simu ndani ya sekunde mbili, kwa kuwa siri yake ilitokana na anwani ya Bluetooth ambayo kufuli lenyewe lilikuwa linaitangaza. Lakini kufuli hilohilo lilionyeshwa pia likifunguliwa kwa kuzungusha kifuniko cha nyuma na kulegeza skrubu, bila kompyuta yoyote. Usalama wa programu na uimara wa chuma vichunguzwe pamoja. Matumizi nayo yana sehemu yake. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, lakini vitufe vinne vikichakaa kuliko vingine, asiyejua namba anabakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu. Tumia tarakimu sita, na uzibadilishe mara kwa mara.

Mazingira ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, nayo yana masharti yake. Miteremko ya mashariki ya milima hiyo, upande wa Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi kuliko mji wenyewe, na kiangazi mitaa ya mjini isiyo na lami hujaa vumbi. Kitasa cha geti la nje kiwe na alama ya IP, ambayo tarakimu yake ya kwanza hupima kinga dhidi ya vumbi na ya pili dhidi ya maji. IP65 inatosha kwa mvua ya masika. Alama ya kidole isiwe njia pekee. Kisomaji chake hupambanua matuta na mabonde ya ngozi, na kidole kilicholowa, au kilichosuguliwa na jembe au saruji, hukipa shida. Mkulima wa mboga wa Mgeta na fundi ujenzi wa Kihonda wanahitaji namba au kadi pia. Mwenye nyumba anayekusanya alama za vidole za wapangaji akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za kibayometriki kuwa nyeti, hivyo namba zinamtosha.

Lipo pia suala la kutoka. Familia nyingi hufunga mlango wa grili kwa kufuli upande wa ndani usiku, kisha ufunguo unafichwa. Moto ukizuka, ufunguo huo ndio unaoamua nani atoke. Kitasa kizuri hufunguka kutoka ndani kwa kushusha mkono wa mlango, bila namba wala betri, lakini faida hiyo inapotea ikiwa mbele yake kuna kufuli lingine.

Basi pesa ifuate mpangilio huu: kwanza mlango wa mbao ngumu au chuma kizito, fremu iliyoshikwa vizuri ukutani na skrubu ndefu kwenye bawaba, kisha njia salama ya kutokea, mwisho kitasa janja kinachojitegemea. Kabla ya kulipa, fundi apime unene wa mlango na umbali kutoka ukingoni hadi katikati ya tundu la ufunguo, kwani kitasa kisicholingana hulazimisha mbao ichongwe na kudhoofishwa. Muulize muuzaji kinafunguka vipi bila intaneti, nani atakitengeneza hapa Morogoro, na vipuri vinapatikana wapi. Akishindwa kujibu, nunua kitasa imara cha ufunguo ambacho silinda yake hubadilishika, na uibadilishe kila mpangaji anapohama. Utakuwa umepata sehemu kubwa ya faida ya kitasa janja kwa gharama ndogo.