Je, Wajua? Kidonge cha TB Humezwa Mbele ya Shahidi

• Je, wajua kwamba tiba fupi ya kifua kikuu (TB) ilijaribiwa hapa kwetu? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Uingereza na wenzao wa Kenya, Uganda na Tanzania walionyesha kuwa miezi 6 yatosha, dawa ya rifampisini ikiwemo. Awali mgonjwa alimeza dawa mwaka mmoja na nusu au zaidi.

• Daktari Karel Styblo wa Chekoslovakia aliugua TB akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Alipopona, akajitolea kupambana nayo. Mpango aliosaidia kuujenga Tanzania kuanzia 1977 ndio uliokuwa kielelezo cha DOTS, ambapo mgonjwa humeza dawa msimamizi akishuhudia. Shirika la Afya Duniani liliueneza miaka ya 1990.

• Msimamizi si lazima awe daktari. Kiminini, kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, kama kwingineko Kenya, anaweza kuwa mhudumu wa afya ya jamii au ndugu wa nyumbani, mradi amefundishwa.

• Anafundishwa nini? Kuhakikisha kidonge kimemezwa ndipo atie alama kwenye kadi. Kumkumbusha mgonjwa tarehe ya kupima tena makohozi. Kumweleza mapema kwamba rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, asije akadhani ni damu akaacha dawa. Lakini macho yakiwa ya manjano, ampeleke hospitalini mara moja: huenda ini limedhurika.

• Hatari kubwa huja mgonjwa anapopata nafuu. Baada ya miezi 2 kikohozi kimetulia, uzito umerudi, mahindi yanangoja palizi. Akiacha dawa hapo, vijidudu vilivyosalia vyaweza kurudi, pengine vikiwa sugu.

• Mwaka 2010, wagonjwa wawili walifungwa gerezani Kapsabet kwa kuacha dawa. Mwaka 2016, Mahakama Kuu ilisema kuwafunga hivyo kulikiuka Katiba.

• Anayekatiza dozi mara nyingi ana sababu: njaa, nauli, kichefuchefu, aibu mbele ya majirani. Askari hatibu hata moja kati ya hizo. Jirani aliyefunzwa vyema, anayebisha hodi, kuuliza hali na kusikiliza, anaweza kuigundua mapema. Kaunti zinazowafunza watu hawa na kuwalipa zinaokoa maisha.