Mlima, mbu na hesabu za mionzi

Basi la Mombo kwenda Lushoto hupinda kona juu ya kona, likipita Soni, na baada ya kilomita 33 abiria wako juu zaidi kwa karibu mita elfu moja. Joto la mashamba ya mkonge limebaki chini; masweta yanatolewa mikobani. Kingine kilichobadilika hakuna anayekihisi: mionzi itokayo angani. Usawa wa bahari, kama Tanga mjini, mtu hupata takriban milisivati 0.3 za mionzi hiyo kwa mwaka. Ukipanda, tabaka la hewa linalokukinga hupungua na kiwango huongezeka.

Tuseme mtafiti mvivu analinganisha afya ya watoto wachanga wa Lushoto na wa tambarare ya Korogwe. Mezani pake ana vipimo vya mionzi tu. Akikuta huku juu watoto hawaugui sana malaria, atatangaza kwamba mionzi ni dawa!

Msambaa yeyote atamcheka. René Bødker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2003, walipima vijiji vya milima ya Usambara, iliko Lushoto, kuanzia mita 300 hadi 1,700 na kuona maambukizi ya malaria yakishuka zaidi ya mara elfu moja. Kinachookoa ni baridi, kwa kuwa vimelea huchelewa kukomaa ndani ya mbu.

Kosa hilohilo, likigeuzwa upande, limewahi kuitia dunia hofu. Mwaka 1969 mwanafizikia Ernest Sternglass alidai mionzi ya majaribio ya mabomu ya nyuklia imeua watoto wachanga 400,000 Marekani. Vifo vilikuwa vikishuka mwaka hadi mwaka, kisha kasi ikapungua; yeye akauendeleza mstari wa zamani, na pengo lote akalibebesha mabomu. Mwanasayansi Arthur Tamplin alirudia hesabu na kupata 4,000 hivi. Wala Tamplin hakuwa mpambe wa nyuklia: baadaye alikuwa mmoja wa wakosoaji wake wakubwa.

Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, ya 2011, watafiti Joseph Mangano na Janette Sherman walidai vifo vya watoto wachanga vimepanda kwa asilimia 35 katika miji kadhaa ya magharibi mwa Marekani. Walilinganisha majuma kumi ya baada ya ajali na majuma manne tu yaliyotangulia. Majuma ya nyuma zaidi yaliporudishwa kwenye hesabu, ongezeko likayeyuka.

Si kila dai ni la kutupwa. Ujerumani, kati ya 1980 na 2003, watoto 37 wenye umri chini ya miaka mitano waliokaa ndani ya kilomita tano za vinu vya umeme wa nyuklia walipata saratani ya damu. Waliotarajiwa walikuwa 17. Hesabu hiyo ni safi. Tatizo ni kwamba mionzi ya vinu ilikuwa ndogo mno, chini ya sehemu ya elfu ya ile ambayo ingeweza kueleza ongezeko hilo. Sababu bado inatafutwa.

Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini jirani yake, Kenya, anapanga kimoja. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukipinga, wakitetea ardhi na uvuvi wao. Mwaka uliofuata macho ya serikali ya Kenya yakageukia Siaya. Kilifi na Siaya zote zina maeneo ambako watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wao wamekuwa wakiandika vizazi na vifo, nyumba kwa nyumba, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinu kikijengwa karibu na maeneo hayo, takwimu za kabla yake zitakuwapo.