Damu puani upande mmoja: Usimlaumu ruba wa pangoni

Msomaji mmoja wa Tunduma alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Mwanawe wa miaka sita alikuwa akitokwa na damu puani kwa siku tisa, tundu la kulia tu. Alishapewa dawa za mafua na za mzio bila nafuu. Bibi yake alisema ni ruba, na kwamba mtoto alimwokota kwenye mapango ya popo ya Songwe walikokwenda na shule.

“Daktari, kweli mapangoni kuna ruba wanaonyonya damu?” aliniuliza.

Ruba wa pangoni wapo duniani. Mwaka 2019 wataalamu wa China walitangaza jenasi mpya, Sinospelaeobdella, ya ruba wanaoishi mapangoni na kunyonya damu ya popo. Lakini hao ni wa ukoo wa ruba wa nchi kavu, ambao makazi yao ni maeneo yenye unyevu ya Asia, Australia na visiwa kama Madagaska. Hao si wa kuwahofia hapa Songwe.

Nikamwuliza baba swali moja: mtoto amekunywa maji wapi karibuni? Akakumbuka. Likizo ilimkuta kwa bibi, Momba, na huko watoto walikuwa wakiinama na kunywa kwenye lambo la ng’ombe. Hapo bibi alikuwa amepatia mdudu, amekosea mahali.

Kwa macho yetu ruba wote ni wamoja: weusi, laini, wanateleza. Wataalamu huwaainisha kwa kuangalia taya, meno, macho, vinyonyeo na siku hizi vinasaba. Kwa mgonjwa tofauti hizo zina maana kubwa. Ruba mwenye taya imara hutoboa ngozi ya mguu, hushiba, kisha huanguka mwenyewe. Mwenye taya dhaifu hawezi ngozi, hivyo hutafuta sehemu laini: pua, koo, wakati mwingine njia ya mkojo au uke. Huingia akiwa mdogo kama uzi, hukaa siku nyingi hata wiki, na hukua kadiri anavyokunywa damu.

Mwaka 2010 watafiti walieleza ruba wa aina hiyo aliyetolewa puani mwa mtoto nchini Peru, wakamwita Tyrannobdella rex. Ana taya moja tu lenye meno makubwa. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa ana undugu na ruba wengine wanaoingia mwilini, akiwamo Limnatis nilotica, ambaye madaktari wa Ethiopia wamekuwa wakimtoa kwenye koo za wagonjwa. Wote hao wamewekwa katika ukoo mmoja, Praobdellidae. Kwa hiyo daktari akijua ukoo wa ruba, anajua pia mahali pa kumtafuta.

Si kila damu ya puani ni ruba. Watoto wengi hutokwa na damu kwa kuchokonoa pua, au kwa punje ya mahindi au shanga iliyonasa. Ila shuku ruba ikiwa damu inatoka tundu moja na kurudi kila mara, mtoto anasema kitu kinatembea puani au kooni, anakohoa damu, sauti imekwaruza, na amekunywa au kuoga maji ya lambo, kijito au chemchemi isiyojengewa. Viganja na midomo vikipauka, damu imepungua, usisubiri kesho. Akipumua kwa shida, hiyo ni dharura.

Usimmiminie mtoto chumvi, tumbaku wala mafuta ya taa puani. Usimvute ruba kwa nguvu. Anaweza kukatika, au akaachia na kushuka kwenye njia ya hewa. Hospitalini hutiwa dawa ya ganzi, kisha hutolewa taratibu kwa kibano. Damu inaweza kuendelea kuchuruzika kwa muda kwa sababu mate ya ruba huzuia damu isigande.

Akiwa kwenye ngozi, pitisha ukucha chini ya ncha nyembamba yenye mdomo, kisha ncha ya nyuma, halafu osha kidonda kwa maji na sabuni. Ukimchoma moto au kumwekea chumvi hutapika kidondani, na tumboni mwake mna bakteria.

Nawaomba wazazi jambo moja zaidi. Binti mdogo anayeoga kijitoni akitokwa na damu ukeni, msikimbilie kumfokea wala kunyamaza kwa aibu. Anaweza kuwa na ruba, ana jeraha, au ametendewa ukatili. Apelekwe akachunguzwe kwa staha.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Mtoto asinywe kwa kuinamia maji. Chujeni maji kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemsheni. Pale inapowezekana, mifugo inyweshwe kwenye birika mbali na mahali pa kuteka maji ya nyumbani.

Mtoto wa Tunduma alitolewa ruba siku iliyofuata, mrefu kama kidole cha mtu mzima. Anaendelea vizuri na anatumia dawa za kuongeza damu. Nilipouliza ruba yuko wapi, nikajibiwa: “Tulimtupa.”

Sisi wahudumu wa afya tunalo kosa hilo. Ruba akitupwa, hatujui ni spishi gani wala maji gani yana hatari. Mweke kwenye kichupa chenye spiriti, si fomalini kwani huharibu vinasaba. Andika tarehe, kijiji, chanzo cha maji na sehemu ya mwili alikotolewa. Kichupa hicho kikimfikia mtaalamu wa wadudu na vimelea, kinaweza kuwasaidia watoto wengine wanaokunywa lambo lilelile.