Ukichomelea gari kuukuu nyumbani, watoto wakae mbali

Volkswagen Beetle ya zamani huoza sakafuni, hasa chini ya kiti cha nyuma, mahali inapokaa betri. Mzazi anayejifunza kuchomelea anaweza kuiokoa: akate kutu hadi afike kwenye chuma kizima, aandae kiraka cha unene uleule, kisha akishikize kwa nukta zilizoachana, akingoja kila moja ipoe. Bati la bodi ni jembamba. Moto ukizidi linatoboka. Kwa hiyo aanze kwa mazoezi kwenye vipande chakavu.

Tatizo ni kwamba kazi ya uani huvuta watoto. Mwanga wa kuchomelea una mionzi inayounguza jicho, na maumivu hayaji papo hapo. Mtoto hutazama mchana, usiku huamka analia, macho mekundu, anahisi kama yana mchanga. Asiyasugue, wala usimtie dawa ya kubahatisha. Mpeleke kituo cha afya.

Hatari nyingine ni vumbi. Rangi nyingi za magari ya zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Ukikwangua kwa grenda, vaa barakoa ya kuchuja vumbi, oga kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kabla ya kuwasha mashine, toa betri na tangi la petroli, ambalo kwenye Beetle liko mbele, na weka kizimamoto karibu. Kofia ya kuchomelea humlinda aliyeivaa tu. Watoto wabaki ndani hadi kazi iishe.