PLAKE ZINAZOFUATA JUA: JE, KIKUNDI KINUNUE?



Katika mikutano ya bloku swali hili limeulizwa mara tatu sasa. Je, ni kweli kuna plake za jua (wengine wanaziita paneli) ambazo zinageuka zenyewe kufuata jua toka asubuhi mpaka jioni? Na kama ni kweli, je, kikundi cha akiba kinaweza kutoa fedha yake kununua stendi yenye mota ili plake ya kuchajia simu igeuke namna hiyo?

Swali la kwanza ni rahisi. Ndiyo, ziko, na ziko hapa hapa Rwanda. Swali la pili linahusu fedha ya watu iliyokusanywa kidogo kidogo, kwa hiyo tulieleze polepole.

KIWANDA CHA RWAMAGANA

Kiwanda hicho cha umeme kiko Mkoa wa Mashariki, katika wilaya ya Rwamagana, kilomita 60 hivi toka Kigali. Wenzetu wanaohamishiwa kambi ya Mahama hupita katika wilaya hiyo. Kimejengwa juu ya ardhi ya Agahozo-Shalom, kijiji cha vijana kilichofunguliwa mwaka 2008 kwa ajili ya yatima wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Ardhi hiyo imekodishwa, na kodi yake husaidia matumizi ya kijiji.

Plake za pale ni 28,360. Mtu akiziangalia toka juu angani anaona zimepangwa kwa umbo la bara la Afrika. Ujenzi ulichukua muda usiotimia mwaka mmoja, ukagharimu dola milioni 23.7 za Marekani, na mwaka 2014 umeme wake ulianza kuingia katika nyaya za nchi. Nguvu yake ni megawati 8.5. Wale waliotoka Goma watakumbuka kituo cha jua cha Nuru kilichoanza mwaka 2020. Hicho kilikuwa na megawati 1.3.

Jambo linalotuhusu leo ni kwamba plake za Rwamagana hazikai mahali pamoja. Zinageuzwa kwa kompyuta toka mashariki kwenda magharibi. Ilielezwa kwamba kwa kugeuka hivyo zinatoa umeme zaidi kwa asilimia 20 kuliko zingekaa bila kusogea.

KWA NINI KUGEUKA KUNASAIDIA?

Fikirini mvua inayosukumwa na upepo ikaja kiubavu. Beseni lililowekwa chini sawasawa linakinga maji machache. Ukiliinamisha kuelekea kule mvua inakotoka, linakinga mengi. Mwanga wa jua ni vivyo hivyo.

Hapa kwetu karibu na ikweta jua huchomoza kama saa 12 asubuhi na kuzama kama saa 12 jioni, mwaka mzima. Saa 6 mchana liko juu. Saa 2 asubuhi limepanda theluthi moja tu ya safari yake ya kwenda juu, na saa hiyo plake iliyolazwa chali juu ya mabati inapata nusu tu ya mwanga ambao ingeupata kama ingelielekea jua uso kwa uso. Saa 4 upungufu umekuwa mdogo, kama sehemu moja na kidogo katika kumi. Saa 6 hakuna upungufu wa kusemwa. Baada ya hapo hesabu inarudi kinyumenyume, mpaka saa 10 jioni ni nusu tena.

Kwa hiyo faida ya kugeuka iko asubuhi na jioni. Katikati ya mchana, wakati jua lina nguvu kuliko saa zote, plake inayogeuka na plake iliyolala ziko karibu sawa. Ndiyo sababu faida ni asilimia 20 na wala si mara mbili, kama kijana mmoja alivyokuwa akiwaambia watu bombani.

ZINAJUAJE JUA LILIKO?

Watu wengi hudhani plake zina jicho. Mitambo mingine ina kifaa cha kuhisi mwanga, lakini kwa viwanda vikubwa kazi hufanywa zaidi na saa na hesabu. Njia ya jua angani inajulikana kwa kila siku ya mwaka, hata miaka mingi mbele. Kompyuta ikishajua mahali ilipo, tarehe na saa, inajua na jua liko wapi, hata kama limefunikwa na mawingu.

Plake hufungwa kwa safu ndefu juu ya bomba la chuma linalolala toka kaskazini kwenda kusini, na mota hulizungusha bomba hilo taratibu. Asubuhi na mapema sana mitambo mingi hailielekei jua kabisa, maana safu moja ingetupa kivuli juu ya nyingine. Inalala kwanza, kisha inainuka kadiri jua linavyopanda. Upepo mkali ukija, inalazwa ili isipeperushwe.

Mambo haya si ya juzi. Huko Maadi, karibu na Cairo, mwaka 1913 Mmarekani Frank Shuman aliweka mitambo ya vioo iliyogeuzwa kufuata jua, ikachemsha maji na mvuke wake ukaendesha pampu ya kuvuta maji ya mto Nile. Vita Kuu ya mwaka 1914 ikaua kazi hiyo.

SASA, FEDHA YA KIKUNDI

Hesabu ni hii. Ukiwa na plake tano zinazogeuka, unapata umeme wa plake sita zisizogeuka. Ukiwa na plake moja, kuigeuza kunakuongezea sehemu ya tano tu ya plake. Rwamagana sehemu ya tano ya plake 28,360 ni zaidi ya plake 5,600, kwa hiyo kwao kununua mota na kulipa mafundi kuna maana. Ninyi mjiulize kama stendi yenye mota inauzwa kwa bei iliyo chini ya sehemu ya tano ya plake yenu. Haiwezekani. Na mota yenyewe inakula umeme, na ikiharibika hapa hakuna spea.

Tena kuna mawingu. Faida ile ya Rwamagana inategemea jua la wazi, na mashariki ya Rwanda kuna jua la wazi kuliko huku kwetu Gisenyi chini ya milima ya volkano. Wingu likitanda, mwanga hutoka pande zote za anga, na plake iliyolala chali hupata mwingi kuliko iliyoinamishwa upande mmoja.

Kwa maoni yangu kikundi kisinunue mota. Fedha ikitosha, kinunue plake ya pili, lakini muulize kwanza kama betri na kidhibiti chaji mlivyo navyo vinaiweza.

Na kama mtu anakaa pale siku nzima akilinda simu, mikono yake ni mota tosha. Saa 2 asubuhi ainamishe plake kuelekea mashariki, saa 5 ailaze, saa 9 aielekeze magharibi upande wa Goma. Kujua kama imeelekea vizuri, asimamishe msumari wima juu ya fremu ya plake. Kivuli cha msumari kikipotea, plake inatazama jua uso kwa uso. Waya ufungwe kwenye stendi na kuachiwa urefu wa kutosha, maana plake inayosogezwa kila siku hukatika waya pale unapoungana na kisanduku cha nyuma.

Asiye na muda wa kugeuza ailaze plake karibu chali, imeinama kidogo tu ili maji ya mvua yaoshe vumbi. Msifuate karatasi za maelezo zinazosema plake iinuliwe sana na kuelekezwa kusini. Hizo ziliandikwa kwa ajili ya Ulaya. Kwetu jua la mwezi wa 6 hupita upande wa kaskazini, na la mwezi wa 12 upande wa kusini.

Wanaotaka kuonyeshwa kazi ya msumari waje na plake zao kwenye hanga la mikutano Jumatano saa 2 asubuhi. Mvua ikinyesha, tutafanya siku inayofuata.