Je, mchezaji mwenye jina kubwa ana deni la salamu kwetu?



Wengi wenu mnajua yaliyotokea Jumamosi ile, ekipi ya mbali ilipolala mjini kwetu. Wanafunzi kumi na tisa wa interna waliruka lupango pasipo ruhusa, wakaenda kusimama mbele ya hoteli tangu saa saba za mchana hata jioni, juu ya kuona uso wa mchezaji mmoja tu. Jina lake sitaliandika. Mimi, mkubwa wa wanafunzi, nilitumwa na prefe kuwarudisha. Nilipofika, otobisi ya wachezaji ilikuwa ikitoka. Yule mchezaji alikaa karibu na kioo, anasikiliza muziki masikioni, macho yake mbele. Wadogo wakapiga kelele kwa jina lake. Hakugeuka. Na mimi (niseme kweli, maana wengine waliniona) nilinyosha mkono kwenye kioo sawasawa na wao, nikasahau kabisa kazi iliyonipeleka. Kioo hakikufunguliwa. Hapo mmoja wetu akatupa kokwa ya embe, ikapiga ubavu wa otobisi.

Azabu ilikwisha kutolewa, sitaizungumza hapa. Ninataka kufafanua lile neno ambalo tunabishania kila usiku katika chumba cha kula. Wengine wanasema: « Sisi njo tunamulipaka! Bila siye ye ni nani? Ata mukono tu haezi inua? » Wengine wanajibu: « Muache mutu apumuzike. Kazi yake ni mupira, haiko kusalimia bantu. » Na kila upande unafikiri ule mwingine hauna akili.

Tuache kwanza mchezaji wetu wa kioo, maana hasira ingali ya moto. Tutazame watu ambao mambo yao yanajulikana dunia nzima, na wawili wa kwanza walifika hapa hapa katika inchi yetu.

Mwaka 1974, wakati inchi iliitwa Zaïre, Wamarekani wawili walikuja Kinshasa kupigania mkanda wa dunia wa ngumi. George Foreman alikuwa na miaka 25, naye ndiye mwenye mkanda. Aliutwaa Januari 1973 huko Kingston, Jamaika, alipomwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili tu. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na wengi wenye kujua ngumi walimwogopea asiumizwe vibaya. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Pambano lilitazamiwa tarehe 25 Septemba, lakini siku chache mbele yake Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, kiwiko cha mwenzake kilimgonga, na siku ikasukumwa mpaka 30 Oktoba. Kwa hiyo watu wale wawili walikaa kwetu majuma mengi pasipo kupigana. Hapo swali letu linaonekana vizuri, kwani majuma yale hayakuwa mashindano, yalikuwa kukaa tu: kula, kulala, kutembea, kukutana na watu.

Ali alikaa N'Sele, kando ya mto. Asubuhi alikimbia barabarani, na watoto walimfuata. Alisimama nao, alicheza nao ngumi za hewa, alizungumza na kila mtu, ingawa Lingala hakuijua wala Kifaransa. Foreman yeye alihamia hoteli kubwa mjini. Hakusema sana, na alitembea na mbwa wake mkubwa, wa aina ile ya Kijerumani. Alimpenda mbwa wake, hakuwaza ubaya. Lakini watu wazima wa Kinshasa waliwakumbuka mbwa wa namna ile mikononi mwa polisi wa Wabelgiji. Hakuna aliyemweleza, au labda alielezwa kwa kuchelewa. Hivi mtu anaweza kukosea watu heshima bila kufungua kinywa.

Usiku wa pambano, saa kumi mbele ya mapambazuko (saa hiyo ilichaguliwa juu ya televisheni za Marekani), watu wapata 60,000 walikuwa katika uwanja wa 20 Mai, ule unaoitwa leo Tata Raphaël, wakiimba « Ali, boma ye ». Maana yake mnaijua, si neno la kufundisha wadogo wa darasa la kwanza. Katika raundi ya 8 Foreman alianguka.

Sasa tusidanganyane. Salamu si ndizo zilizomwangusha. Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige mikono na mbavu mpaka nguvu zikamwishia, ndipo akampiga. Ni akili ya ngumi. Tena salamu za Ali hazikuwa za bure zote: alitaka inchi nzima iwe upande wake, na aliipata. Na kabla ya kuja, Ali yuleyule alitania waandishi wa magazeti kwamba watu wa Mobutu watawapika chunguni na kuwala. Mzaha wa namna ile juu ya Waafrika, mimi siupendi hata ukitoka kinywani mwa Ali.

Basi Foreman alikuwa na deni gani? Alikuja, alipigana, hakukimbia. Mtu aliyenunua tiketi alipata alichonunua. Hapa ninawapa haki wale wanaosema « muache mutu apumuzike ». Tiketi ni mapatano: feza upande huu, mchezo upande ule, na firimbi ya mwisho ikilia, hesabu imekwisha. Ukilipa fundi wa viatu, huendi usiku nyumbani kwake kudai akuchekee kwa kuwa ulimlipa.

Lakini maneno hayajaisha. Ali mwenyewe alisimulia kwamba katika mwaka 1960, akiwa kijana mbele ya michezo ya Olimpiki ya Roma, alimngojea Sugar Ray Robinson huko Harlem, New York. Robinson alikuwa mfalme wa ngumi, na Ali alimpenda kuliko wote. Alingoja saa nyingi. Robinson alipofika alimjibu kwa maneno mafupi tu, hana nafasi, akapita. Kijana aliumia sana, akajiapia kwamba siku akiwa mkubwa hatamfanyia mtu hivi. Na kwa miaka mingi aliweka sahihi yake kwenye makaratasi ya watu, hata wakati ugonjwa wa Parkinson, uliotangazwa 1984, ulikuwa ukitetemesha mikono yake. Robinson hakuwa na deni kwa kijana yule. Hata hivi, kijana aliumia. Vitu hivi viwili ni vya kweli pamoja, na sisi katika chumba cha kula tunataka kimoja kiue kingine.

Tena mtu anaweza kuwa mwema kwa wapenzi wake na kuwa mbaya kwa mwenzake. Joe Frazier alimsaidia Ali wakati alipokatazwa kupigana, sababu alikataa kwenda vita vya Vietnam. Lakini mbele ya pambano lao la Manila, mwaka 1975, Ali alimwita sokwe mbele ya waandishi, kila siku, watu wakacheka. Watoto wa Frazier walisikia hayo masomoni. Ali aliomba radhi katika gazeti mwaka 2001, na uchungu wa Frazier haukuisha upesi. Kwa hiyo tusipime heshima ya mtu kwa mikono tu anayopungia makundi. Kundi linapendeza kulisalimia, linapiga makofi.

Yupo mwingine ambaye wengi wenu hamumjui, ijapokuwa mnacheza basketi kila siku. Bill Russell wa Boston alishinda ubingwa mara 11 katika miaka 13, kati ya 1957 na 1969. Huyu alikataa kuweka sahihi. Mtu akimwomba, aliweza kumpa mkono au kuzungumza naye kidogo kama mtu na mtu, lakini karatasi hapana. Wengi walimwita mwenye kiburi. Lakini walisahau, au walitaka kusahau, kwamba watu walivunja nyumba yake, wakaandika matusi ya rangi ukutani, wakaacha mavi kitandani mwake. Inchi ile ilimpigia makofi jioni na kumtukana usiku. Mwaka 1972, namba yake 6 ilipotundikwa juu kwa heshima, alitaka ifanyike kabla watazamaji hawajaingia, mbele ya wenzake tu. Mimi nilisoma jambo hili mara mbili. Siwezi kumwambia mtu huyu: « Ulikuwa na deni la kutuchekea. »

Yesu naye alitafutwa na makundi. Katika Marko 1 aliondoka kabla ya jua kwenda kuomba peke yake. Simoni akamfuata kumwambia kwamba wote wanamtafuta, naye hakurudi kwa wale, alikwenda vijiji vingine. Lakini katika Marko 6 alipanda chombo na wanafunzi wapate kupumzika, watu wakakimbia kwa miguu na kufika mbele yao, naye alipowaona akawahurumia, akaanza kuwafundisha. Siku moja aliwaacha, siku nyingine aliacha pumziko lake. Wanaotumia sura moja kumhukumu mchezaji wasome na ile nyingine.

Mimi ninaona hivi. Sahihi, picha ya simu, dakika kumi za mazungumzo, vitu hivi si deni, ni zawadi, na zawadi haidaiwi kwa kokwa ya embe. Lakini kumtazama mtu aliyekuita, kuinua kidole tu, hilo ni neno lingine. Hakuna anayelipwa kwa lile. Mtu anasalimia kwa kuwa aliye mbele yake ni mtu, awe alinunua tiketi au hakununua. Mzee anayeuza karanga pembeni ya kanisa hana jina kubwa, na akipita bila kujibu salamu tunasema anaumwa ao ana shida. Kwa nini mchezaji peke yake tunasema ana kiburi? Labda naye alikuwa na shida. Labda alipokea habari ya msiba kwa simu. Hatukuuliza.

Tena watu wanageuka. Foreman yule wa mbwa alishindwa mwaka 1977 huko San Juan na Jimmy Young, na katika chumba cha kuvalia alisema amekutana na Mungu. Akaacha ngumi miaka kumi, akawa mhubiri huko Houston. Aliporudi, alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu (watoto wake wanaume watano wote aliwapa jina George, fikirini kelele ya nyumba ile). Mwaka 1994, akiwa na miaka 45, alitwaa tena mkanda wa dunia. Na mwaka 1997, filamu juu ya pambano la Kinshasa ilipopata zawadi ya Oscar, Ali alikuwa mgonjwa, na Foreman ndiye aliyemshika kupanda ngazi.

Sasa yetu ya hapa. Tuna mshambulizi wetu sisi wenyewe, wa darasa langu, ambaye tangu tulishinda machi tatu kufuatana, wadogo wanamwita kwenye njia ya maji na hajibu. Alikuwa wa kwanza kutukana mchezaji wa otobisi! Nilimwonyesha makala hii mbele ya kuipiga kwenye stensili. Alinyamaza kidogo, akasema: « Banizoeza vibaya, baniitaka ata nikiwa na ndoo kichwani. » Ni kweli vilevile. Basi wadogo, mtu mwenye ndoo kichwani msimvute shati. Naye ameniahidi kupita Jumatano kwenye meza za darasa la kwanza.

Kwa ile ekipi, tumeandika barua ya kuomba radhi juu ya kokwa. Haimwombi mchezaji kitu chochote, hata picha. Mimi nimekwisha kuweka jina langu, wa kwanza. Nafasi kumi na tisa zimebaki chini yake, na karatasi iko chumbani kwangu mpaka kengele ya kulala ya Ijumaa.